Minyanya Chini ya Chekeche

Sebuleni kwangu hapa Kilembe, Uganda, pana viti vinne, na mimi sina pa kukaa. Kimoja kimebeba ndoo ya maji yaliyolala usiku kucha ili klorini ipae. Cha pili kimebeba kipimajoto. Cha tatu kimelazwa ubavu kushikilia waya wa taa. Cha nne ndicho changu, kwa hati na kwa desturi, lakini kimesukumwa hadi mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia huniomba samahani akiwa ameshanikanyaga. Katikati, palipokuwa na meza, wamekaa wageni rasmi: minyanya 4 ndani ya majerikeni yaliyokatwa shingo, imefunikwa kwa wavu wa chuma, inamulikwa kwa taa ya zambarau, na inahudumiwa kuliko mgonjwa wa wodi ya kulipia.

Mwenye minyanya ni mpwa wangu. Dada yangu wa Bwera alimtuma kwangu Januari, akae "wiki mbili tu." Wiki mbili za Bwera ni kama umbali wa milimani: unaambiwa ni hapo nyuma ya kilima, unatembea mpaka viatu vinafumuka. Kwetu sisi Wakonzo jina la mtoto hutaja zamu yake ya kuzaliwa, na la kijana huyu linasema ni wa kiume wa nne. Yaani shamba la baba yake lilikuwa limeshagawanywa mara tatu kabla hajaota meno. Ana diploma ya kilimo na hana pa kupanda hata kitunguu.

Basi akasikia habari za Hima. Sisi Hima tunaijua kwa saruji. Kumbe miaka michache iliyopita kampuni ya Industrial Globus, ikishirikiana na Together Pharma ya Israel, ilianza kulima huko bangi ya dawa, ndani ya mabanda, kwa kibali, ya kusafirisha nje. Kijana akaamua ndiyo kazi yake: atakuwa fundi wa kupogoa bangi. Nilipokuwa na umri wake, aliyetaka kuisoma bangi aliisomea nyuma ya choo. Huyu anaisomea sebuleni, kwa daftari, rula na kalamu za rangi tatu.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba kijana anaogopa sheria. Sheria yenyewe ina vituko vyake. Ile ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 wakulima wa mirungi wa Wakiso waliipeleka mahakamani, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaitupa kwa sababu haikuthibitika kwamba wabunge walitimia akidi siku ya kuipitisha. Mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya. Mpwa wangu alifuatilia yote hayo kwa simu kama watu wanavyofuatilia ligi ya Uingereza, kisha akafunga daftari na kusema: bila kibali hata mche mmoja ni kosa, mjomba, kwa hiyo nitajifunzia kwa nyanya.

Hakuna aliyeniuliza nyanya zitakaa wapi.

Maelezo ya wavu alinipa usiku wa kwanza bila mimi kuyaomba. Wenzetu wa nchi za baridi, anasema, hulima bangi ndani ya nyumba kwa sababu nje kuna theluji, majirani na polisi. Kanada iliihalalisha mwaka 2018, lakini sheria yao ya shirikisho ikasema nyumba moja isizidishe mimea 4. Ukishawekewa kikomo cha mimea 4 unakuwa kama mtu aliyepewa sahani moja harusini: sahani huwezi kuongeza, lakini chakula unaweza kukipanga. Kwa hiyo wanaulaza mmea. Wanatandika wavu juu yake, kama shibiri mbili kutoka kwenye udongo, na kila ncha inayochungulia juu ya tundu wanairudisha chini na kuielekeza tundu linalofuata, mpaka mmea mmoja unatapakaa kama mkeka na kila tawi linafika sawa chini ya taa.

Sababu ni hiyo taa. Jua liko mbali mno, tawi la juu na la chini kwake ni mamoja. Taa ya dari si jua. Ukiwa mbali nayo mara mbili, mwanga unaokufikia haubaki nusu, unabaki robo. Nilimbishia. Akachukua tochi akanimulika usoni kwa hatua moja, kisha akarudi nyuma hatua moja nyingine. Nilikubali nikiwa nimefumba macho.

Lakini nilimwambia ukweli wangu. Babu yangu, nikasema, alikuwa akiinamisha mikahawa kule milimani kabla mtu yeyote hajaleta taa ya zambarau katika wilaya hii. Mkahawa mchanga ukiupinda, ubavu wake wote huchipua, unachagua machipukizi mawili matatu yanakuwa mashina, mengine unayakata. Babu hakuwa na daftari. Alikuwa na panga na hasira. Kijana akaandika: "Babu, kahawa, kupinda." Hasira hakuiandika, na ndiyo iliyokuwa nusu ya kazi.

Wavu nao ulitoka wapi? Ulitoka kwangu, kama vitu vyote vya nyumba hii. Marehemu baba alikuwa mtu wa mgodi. Treni ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba yetu, na baba akafika muda mfupi baadaye kwa ajili ya mshahara. Kutoka kambini alileta nyumbani vitu vitatu vya kudumu: Kiswahili, kofia ya chuma, na kipande cha chekeche la kuchambulia mawe. Kiswahili ndicho hiki ninacholalamikia. Kofia ilikuwa ya kuogeshea vifaranga. Chekeche, lenye matundu ya mraba ya ukubwa wa kiberiti, limekuwa lango la zizi, kichanja cha vyombo, na siku moja ya taabu, machela. Mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei 2013 ulibeba nyumba, madaraja na magodoro ya watu. Chekeche ulilikuta limefungwa kwenye mwembe, ukaliacha mahali pake na kulitundikia nguo za jirani. Sasa limepigwa msasa, limepanguswa spiriti, na limepewa jina: skrini. "Mjomba, usiegemee skrini." Chekeche la baba yangu!

Siku ya mkasi sitaisahau. Minyanya ilikuwa imefikia urefu wa goti, imesimama vizuri, ina afya, hata mimi nilikuwa nimeanza kuisalimia. Kijana akaja na mkasi aliouunguza kwa kiberiti na kuikata vichwa. Yote minne, mmoja baada ya mwingine, huku anapiga mluzi. Nikamuuliza imekosa nini. Akasema ncha ya juu hutengeneza kitu kinachoitwa oksini, ambacho hushuka shinani na kuyaambia macho ya chini: laleni, mimi niko kazini. Ukiiondoa ncha, amri inakatika, na macho yote yanaamka kwa pamoja. Hapo nilimwelewa bila tochi. Nilikuwa karani miaka 31, na huyo oksini namfahamu, alikuwa na ofisi ghorofani. Alipostaafu tulipata wakuu wanne kwa wiki moja.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki haikuisha, kila kwapa la jani likatoa chipukizi lenye ubosi wake, na kijana akaanza kazi ya kuyainamisha. Kila jioni utamwona amepiga magoti kama anaswali, vidole viwili juu ya wavu, viwili chini, anabembeleza ncha ipite. Jioni, si asubuhi. Asubuhi shina limejaa maji na linakatika kama karoti. Jioni limechoka kidogo, linakubali. Hilo ninalijua kwa sababu mimi nililijaribu asubuhi.

Kijana alikuwa ameteremka Kasese kununua mbolea. Nikapita karibu, nikaona ncha moja imejitokeza juu ya wavu, imenyooka, inanitazama. Nikasema, ah, hili nalo ni jambo la diploma? Nikaikamata nikaipeleka tundu la jirani. Kulisikika "kwa!" na tawi likaning'inia kwa uzi wa ganda. Jamani. Nimewahi kuvunja sahani za mama mkwe nisitetemeke vile. Nikakimbilia chumbani, nikachukua plasta ya vidonda, nikalirudisha tawi mahali pake, nikalifunga mizunguko mitatu, nikageuza jerikeni ili plasta itazame ukutani. Siku nne nilikuwa nikiamka usiku kulichungulia kwa tochi. Halikunyauka. Pale palipovunjika palivimba fundo gumu kama la kidole cha mkulima, na tawi likaendelea na safari. Kijana alipoiona plasta hakusema neno. Aliandika kitu daftarini, akaliweka daftari juu ya kabati, na mimi siku hizi magoti hayanipi nafasi ya kupanda viti.

Baada ya kuinamisha kukaja kuvua nguo. Chote kilicho chini ya wavu, majani na vichipukizi, kikaondolewa, maana hakipati mwanga na kinakula bure. Nilipomwambia kwamba katika nyumba hii wanaokula bure wanajulikana, alicheka akadhani namaanisha majani. Karai zima likatoka. Mikono yake ikawa ya kijani iliyogeuka nyeusi, na harufu ya majani ya nyanya, ile kali inayopanda puani, ikaingia kwenye mapazia, kwenye Biblia, na kwenye shati langu la mazishi. Mbuzi hatukuwapa, majani ya nyanya yana sumu. Mbuzi mwenyewe alinusa karai mara moja, akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Lakini linaloniuma zaidi ni suala la saa. Bangi, anasema mwalimu wangu, hutazama urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi inakua majani. Usiku ukirefuka inatoa maua. Mkanada akitaka maua hufunga mapazia na kuweka saa ya umeme iipatie bangi yake saa 12 kamili za giza. Saa 12! Sisi ikweta inapita hapo Kikorongo, watalii wanasimama kupigwa picha mguu mmoja huku mwingine kule. Mchana wetu saa 12, usiku wetu saa 12, Januari mpaka Desemba, bila kulipa. Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya hilo. Nikaanza kujisikia tajiri. Kumbe kuna kasoro: mche wa bangi ukianza maisha kwenye usiku mrefu kama wetu hukimbilia maua ungali mfupi, kama mtoto wa darasa la nne anayetaka kuoa. Kwa hiyo mkulima wa ikweta analazimika kuuwashia taa jioni, udhani usiku bado.

"Na nyanya?" nikauliza.

"Nyanya hazijali saa, mjomba."

"Basi taa ya nini?"

"Ya mazoezi."

Na ya mazoezi inawashwa saa 18 kwa siku. Tokeni ya umeme ya elfu ishirini, ambayo mama watoto alikuwa akiinyoosha mwezi mzima kwa kupiga pasi Jumamosi tu, sasa kila mwezi inaongezewa nyingine ya elfu ishirini, na mita inatulilia kama kitoto kichanga. Nilipendekeza tuitoe minyanya nje, kuna jua la Mungu. Nikajibiwa kwamba Kilembe ni bonde, milima inalichelewesha jua asubuhi na kuliwahi jioni. Hilo ni kweli, nimeishi na kweli hiyo miaka yote na nguo zangu zimekauka.

Maua yakatoka. Hapo nikaajiriwa. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, halihitaji mchumba, linahitaji mtikiso tu ili unga udondoke. Shambani upepo hufanya, na nyuki, yule mweusi mnene anayetoboa mbao za paa, hulishika ua na kunguruma mpaka unga umwagike. Sebuleni hakuna upepo wala nyuki. Kuna mstaafu. Kila siku saa nne asubuhi, unga ukiwa mkavu, nilitakiwa kupita nikigonga kila shada kwa ukucha, taratibu, mara tatu. Nina shahada ya heshima ya utumishi wa miaka 31, imetiwa fremu, iko ukutani, na ilikuwa ikinitazama nikifanya kazi ya mdudu.

Sasa fikiria nyumba hii inavyoonekana kutoka njiani. Usiku, kambi nzima ni giza na koroboi, halafu dirisha moja linawaka zambarau. Harufu ya majani yasiyoeleweka. Kijana mgeni asiye na kazi inayojulikana, anayeingia na mbolea na kutoka na mifuko iliyofungwa. Mwenye nyumba anaonekana asubuhi akivigonga vitu kwa ukucha huku midomo inatembea (nilikuwa nahesabu). Kina mama wa kwaya walipita Jumatano, wakapunguza sauti. Alhamisi walipita upande wa pili wa njia. Jumamosi akaja mwenyekiti wa kijiji (LC1) na wazee wawili, mmoja wao polisi mstaafu.

Walikaa. Nikimaanisha walisimama, kwa sababu ya viti. Mwenyekiti alizunguka mbali kama kawaida: mvua, mahindi, mtoto wa fulani aliyefaulu. Kisha akakohoa. "Mzee mwenzangu, tumesikia hapa kuna kilimo."

"Kipo," nikasema. "Nyanya."

Wakaitazama minyanya iliyolala chini ya chuma, isiyo na vichwa, iliyovuliwa majani, mmoja umefungwa plasta. Kwa kweli, kama ningeletewa mimi picha ile, nisingesema nyanya. Mwenyekiti akachuma kijijani, akakisugua, akanusa. Akampa mzee wa pili, akanusa. "Hii ni nyanya," akasema mwenyekiti, kwa masikitiko ya mtu aliyepanda kilima bure.

Polisi mstaafu hakuwa mwepisi hivyo. Aliinama, akalichunguza chekeche, akaichunguza taa, akamuuliza kijana mbinu hii inaitwaje na ameitoa wapi. Na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye diploma, akamjibu kwa fahari: "Ni ya wakulima wa bangi, mzee."

Kimya kile ulikuwa unaweza kukitia kwenye jerikeni.

"Nilijua," akasema polisi mstaafu. "Siku hizi wanaifuga mpaka inafanana na nyanya."

Tulimaliza saa moja na nusu kuwaeleza. Kijana alileta daftari. Alieleza oksini, Kanada, mimea 4. Alimmulika mwenyekiti usoni kwa tochi. Mama watoto aliokoa jahazi kwa chai na mihogo, na kabla ya kuondoka mwenyekiti alikuwa ameuliza, kwa sauti ya chini, kama skrini inaweza kufanya kazi kwa mpasheni wa mke wake ambao umepanda mwembe na matunda yote yanaliwa na ndege. Kijana akamwambia mpasheni huzaa kwenye matawi mapya, kwa hiyo kuukata si ukatili, lakini asafishe kisu kati ya shina na shina asije akahamisha virusi. Mwenyekiti akaandika nyuma ya risiti. Polisi mstaafu aliondoka na jani moja mfukoni. Ushahidi.

Nyanya zilivunwa mwezi wa nne. Nilizihesabu mimi: 19. Nzuri, sitadanganya, nyekundu, zote saizi moja kama zimepigwa chapa. Nikachukua penseli. Umeme uliozidi, elfu sitini kwa miezi mitatu. Gawa kwa 19. Kila nyanya imesimama kwenye elfu tatu na ushei, bado sijagusa mbolea, taa wala mshahara wa mdudu. Siku hiyohiyo mama watoto alikuwa amenunua fungu la nyanya sokoni kwa elfu mbili, nyanya nane, kwa sababu zetu zilikuwa haziruhusiwi kuliwa mpaka zipigwe picha za kuambatanisha na barua ya kuomba kazi. Tulikula sombe iliyoungwa kwa nyanya za sokoni, tukizitazama za kwetu zikiwa zimepangwa juu ya televisheni.

Barua zimepelekwa mashamba matatu. Majibu bado. Kwa sasa yuko Bwera, shangazi zake wamemwita awakatie mipasheni, na nasikia wanamlipa, tena mmoja amevuka mpaka kutoka Kasindi, Kongo, kumfuata. Viti nimevirudisha. Taa imebaki kwa sababu amesema anakuja "wiki ijayo," na minyanya imechipua upya, ina maua, na nani mwingine atayagonga?

Juzi nilichelewa Kasese, nikapanda boda usiku. Kijana wa boda simjui, hanijui. Nikamwelekeza: Kilembe, ukivuka daraja, safu ya pili, nyumba ya tatu, yenye mwembe uliopinda.

Akapunguza mwendo, akageuka. "Mzee si useme tu kwa bangi."

Nilinyamaza mpaka tulipofika. Dirisha lilikuwa linawaka zambarau. Nikampa elfu tano tulizokubaliana, akazitazama chini ya mwanga ule, akatikisa kichwa. Kwa bangi, akasema, ni elfu saba.